Sauti na Kumbukumbu

Wakazi wa Ibaba, katika milima ya wilaya ya Ileje, mkoani Songwe, hawahitaji mwanazuoni wa kuwaarifu kwamba mvua ipigayo juu ya bati yaweza kumrudisha mtu mzima, pasipo hiari yake, katika nyumba ya marehemu mama yake. Lakini sababu ya jambo hilo yastahili kuelezwa. Sauti iingiapo sikioni hugeuzwa kuwa ishara za umeme, zikasafiri kwa mshipa wa fahamu hadi ubongoni, ambako huweza kuiamsha amigdala, sehemu ndogo ishughulikiayo hofu na hisia nyingine, iliyo jirani ya hipokampasi, isaidiayo kuhifadhi kumbukumbu. Hivyo, moyo huweza kwenda mbio kabla mwenyewe hajafahamu limemsibu nini.

Ushahidi mkubwa tunao. Tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Benjamin Mkapa alipolitangazia taifa kwamba Mwalimu Nyerere amefariki dunia huko London, wengi waliisikia habari ile redioni, na hata leo, warudiapo kuisikia sauti ile, hukumbuka walipokuwa wameketi na waliokuwa nao. Huko Tunduma nako, honi ya treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyokabidhiwa kwa nchi hizo mwaka 1976, kwa mmoja ni furaha ya safari, kwa mwingine ni huzuni ya kuagana. Wala hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Basi, wasomaji, madhali simu za leo zanasa sauti, wanaseni wazee wenu wakisimulia na kucheka. Picha pekee haitoshi.