Kupiga Kambi na Familia Bila Kero



Likizo ya Juni baadhi ya familia hupenda kulala nje usiku mmoja au miwili, shambani au porini. Katika Suratun-Nahl, aya ya 80, Allah (s.w.) anayataja mahema ya ngozi miongoni mwa neema Zake, na kwamba ni mepesi siku ya kuhama na siku ya kutua. Basi kwa nini hema liwagombanishe baba na mama? Mara nyingi sababu ni kuchelewa. Hapa Ihumwa mwezi wa Juni jua huzama kama saa 12:30 jioni, na kiza huingia upesi. Anayefika saa 12 atahangaika na kamba huku watoto wanalia njaa na Magharibi inampita. Fikeni mara baada ya Alasiri.

Kabla ya kuondoka, ateuliwe kiongozi. Imepokewa na Abu Daud kuwa Mtume (s.a.w.) ameagiza watu watatu wakisafiri wamfanye mmoja wao amiri. Amiri si mtu wa kukaa mkekani na kutoa amri. Bi Aisha (r.a.) ameeleza, katika Bukhari, kuwa Mtume akiwa nyumbani alikuwa akiwahudumia ahli zake. Kwa hiyo baba ashike nyundo, vijana kamba, wadogo wahesabu vigingi. Kumwachia mama kupika, kutandika na kuosha vyombo peke yake ni kumhamishia jiko porini tu.

Msilale njiani, hadithi ya Muslim inakataza, kwa kuwa usiku ndipo wapitapo wanyama na wadudu wa sumu. Wala msipige hema ndani ya korongo, hata likiwa kavu. Wanaokwenda Desemba wazingatie zaidi, kwani mvua ya mbali huleta maji ghafla.

Upepo wetu wa kiangazi hutoka mashariki na kusini mashariki, tena una vumbi. Mlango wa hema uelekee magharibi. Vigingi vya upande wa upepo vipigwe kwanza, vichwa vikiinamia nje, na ardhi ikiwa ngumu sana fungeni kamba kwenye mawe makubwa. Kisha safisheni pa kusalia mapema. Kibla chetu ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo. (Wanafunzi huuliza kuhusu kupunguza sala. Aliyetoka mjini Dodoma kuja Ihumwa hapunguzi. Masafa kwa wanazuoni wengi ni kama kilomita 80.)

Suala la moto lisichukuliwe kwa wepesi. Tarehe 15 Aprili 1997 moto uliunguza mahema ya mahujaji huko Mina. Walifariki watu 343 na zaidi ya 1,500 wakajeruhiwa. Baadaye Saudia iliweka mahema yasiyoshika moto. Mahema yetu ya nailoni hayana kinga hiyo, hivyo jiko liwe nje, hatua kumi au zaidi, upande ambao upepo unaelekea. Usiku wa Juni na Julai hapa ni baridi, na mtu hushawishika kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema. Asithubutu! Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Ongezeni mablanketi, na moto uzimwe kabla ya kulala, kama alivyoamrisha Mtume (s.a.w.).

Kufungasha kuanze baada ya kifungua kinywa, jua halijawa kali. Vyombo vitangulie, kisha matandiko, hema liwe la mwisho ili watoto wapate kivuli. Kung'uteni mashuka na viatu, maana nge hupenda kujificha humo. Hema likiwa na unyevu lianikwe kwanza, lisije likashika ukungu, kisha likunjwe kuelekea mlangoni ili hewa itoke. Majivu yamwagiwe maji, yakorogwe, yamwagiwe tena hadi yapoe kabisa, kwani nyasi za kiangazi hushika moto haraka. Takataka rudini nazo.

Na kama hema ni la kuazima, hiyo ni amana. Hesabuni vigingi mbele ya mwenyewe, na kama limechanika mwambieni kabla hajaligundua.