Wanagenzi na Magwiji katika Utungaji wa Gemu

Utungaji wa gemu za kompyuta kama burudani, bila mshahara wala bosi, una umri wa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1982 zilipotoka ZX Spectrum huko Uingereza na Commodore 64 huko Marekani, kompyuta iliingia sebuleni, na magazeti yalikuwa yakichapisha programu nzima nzima za lugha ya BASIC. Msomaji alizinakili kwa kibodi mstari kwa mstari. Akikosea alama moja, gemu inagoma. Mwanagenzi wa enzi hizo aghalabu hakuwa na wa kumuuliza, kwa hiyo hakuwa na wa kumkaripia pia. Mvutano kati ya wanaoanza na waliobobea ulikua pale makundi hayo mawili yalipokutanishwa na mtandao.

Miongoni mwa mabaraza ya mwanzo ulikuwa Usenet, mfumo wa mijadala ya maandishi ambamo watungaji wa gemu walikuwa na kundi lao. Wenyeji walikwisha kuzoea kwamba kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo vikuu humiminika, huuliza yaliyojibiwa zamani, hukaripiwa, na baada ya wiki chache huwa wameshika adabu. Kuanzia 1993, kampuni za Marekani, AOL ikiwa mojawapo, zilipowafungulia mlango wateja wa kawaida, wageni hawakukoma tena kuingia. Wakongwe walikiita kipindi hicho Septemba isiyo na mwisho. Kinga yao ilikuwa karatasi za majibu ya maswali yanayorudiwarudiwa, na mgeni alitakiwa kuzisoma kabla hajafungua mdomo. Desturi hiyo ipo hadi leo, na bado wageni hawazisomi.

Swali linaloudhi kuliko yote linajulikana. Mtu ambaye hajawahi kuandika programu anaingia na kusema kwamba yeye na marafiki zake wawili wanataka kutengeneza gemu kama World of Warcraft, iliyotoka Novemba 2004, ila iwe bora zaidi. Je, waanzie wapi? Gwiji anajua kinachohitajika: seva zinazobeba maelfu ya wachezaji kwa pamoja, kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika, ulinzi dhidi ya wadanganyifu, na wachoraji wa kutosha kujaza dunia nzima. Kampuni ya Blizzard, yenye fedha na wataalamu wa kulipwa, ilitumia zaidi ya miaka minne. Hivyo jibu huja likiwa na kicheko, na muulizaji huondoka akiamini kwamba ameingia kwenye baraza la watu wenye roho mbaya.

Jibu la heshima zaidi kwa swali hilo lilikuwa ngazi, na ngazi iliyonukuliwa mno ni ya mtungaji wa gemu Geoff Howland: mwanagenzi aanze na Tetris, kisha Breakout, kisha Pac-Man, ndipo aende kwenye gemu ya kukimbia na kuruka kama Super Mario Bros. Kila hatua ina somo lake. Tetris haina picha ngumu wala adui. Ni jedwali la visanduku tu, lakini inamlazimisha mtungaji kuhifadhi hali ya uwanja, kuzungusha maumbo, kufuta safu zilizojaa na kuamua lini mchezo umekwisha. Breakout inaongeza mpira unaodunda kwenye kuta na matofali. Pac-Man inaleta maadui ambao lazima wachague njia. Zaidi ya yote, kila moja inaweza kumalizika: iwe na ukurasa wa kuanzia, alama, sauti, na mahali pa kutokea. Ushauri huu ni sahihi, na ubaya wake ni namna unavyosikika. Kijana aliyekuja na vita vya mazimwi kichwani, akiambiwa apange matofali, husikia kwamba amedharauliwa.

Hata swali dogo na la haki huleta msuguano. Mwanagenzi ameandika kwamba shujaa wake asogee pikseli 5 kila fremu, yaani kila picha inayochorwa. Skrini yake huonyesha fremu 60 kwa sekunde, basi shujaa anakwenda pikseli 300 kwa sekunde na kila kitu kiko sawa. Anampa rafiki mwenye skrini ya fremu 144, na shujaa yuleyule anakwenda pikseli 720, anapita kuta kama mwizi. Gwiji huona kosa kabla hajamaliza kusoma: mwendo uzidishwe kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Wapo wanaotoa mstari huo mmoja na kuondoka. Wengine husema kwamba dawa ya kweli ni kuendesha hesabu za mwendo kwa hatua za muda usiobadilika, zikitenganishwa na uchoraji wa picha. Wanasema kweli, lakini muulizaji aliyetaka mstari mmoja amepewa mhadhara, kisha magwiji wawili wanaanza kubishana wao kwa wao na kumsahau mwenye shida.

Adabu ya kuuliza imeandikwa mara nyingi. Mwongozo wa mwanaprogramu Eric S. Raymond wa mwaka 2001 ndio uliosambaa kuliko mingine: tafuta kwanza mwenyewe, eleza ulichojaribu, nakili ujumbe wa kosa kama ulivyo, onyesha sehemu fupi kabisa ya msimbo yenye tatizo. Msingi wa masharti haya ni uchumi wa muda. Gwiji halipwi, malipo pekee anayoweza kudai ni dalili kwamba mwenzake ametoa jasho, maana wengi wanaouliza hupotea baada ya wiki mbili. Tovuti ya Stack Overflow, iliyoanza 2008, iliyageuza masharti hayo kuwa sheria, na maswali yaliyojirudia yakawa yanafungwa. Aprili 2018 kampuni yenyewe ilikiri hadharani kwamba wageni wengi walipaona mahali pale si pa ukarimu.

Kejeli nyingine huelekezwa kwenye zana. Walioandika kwa lugha ya mashine waliwacheka wa lugha ya C, wa C wakamcheka anayetumia maktaba zilizoandikwa na wengine, na wote pamoja wakacheka Game Maker, programu iliyotolewa 1999 na Mark Overmars, msomi wa Chuo Kikuu cha Utrecht, ili watu watunge gemu kwa kuburuta vitufe. Hapa magwiji wameaibika mara kwa mara. Spelunky ya kwanza (2008), Hotline Miami (2012) na Undertale (2015) zote zilitokana na zana hiyo. Minecraft, iliyoonyeshwa kwa umma mara ya kwanza Mei 2009, iliandikwa kwa Java, lugha ambayo wengi walishikilia kwamba haifai gemu. Na Januari 2020, Terry Cavanagh alipoweka wazi msimbo wa gemu yake VVVVVV kuadhimisha miaka kumi tangu itoke, wasomaji walikuta mwenendo wa mchezo umeendeshwa na orodha moja ndefu yenye mamia ya hali zenye namba, kinyume na kila kanuni ya usafi. Wanagenzi walifarijika kupita kiasi. Gemu ilikuwa imekamilika na kupendwa, ilhali gwiji mwenye msimbo safi mara nyingi ana injini ya gemu anayoijenga mwaka wa sita bila gemu ndani yake. Ugonjwa huo unajulikana sana katika jamii hizi, na wagonjwa wake ndio wenye ushauri mwingi.

Mahali ambapo pande mbili hukaa mkeka mmoja ni mashindano ya muda mfupi. Ludum Dare, iliyoanzishwa na Howland huyohuyo mwaka 2002, iliweka saa 48, mada moja, mtu mmoja, na kila picha na sauti itengenezwe ndani ya muda huo; msimbo nao uwekwe wazi. Washiriki hupimana wenyewe, na anayetaka gemu yake ichezwe sharti acheze za wengine na kuacha maoni. Muda ukiwa mfupi hivyo, elimu ya miaka kumi haimsaidii sana mtu aliyechagua wazo kubwa mno.

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, maswali mengi ya msingi yamehamia kwa mashine, ambayo haichoki wala haikejeli. Stack Overflow ilipiga marufuku majibu yake mwezi uliofuata, kwa kuwa mengi yalionekana sahihi huku yakiwa na makosa. Malalamiko ya magwiji sasa yamebadilika: mwanagenzi huleta mistari mia tatu isiyofanya kazi, nadhifu ya kupendeza, huku hawezi kueleza hata mmoja. Swali la kwanza analoulizwa siku hizi ni kama msimbo huo kauandika yeye.