Chatini ya Thomu, Kitoweo cha Bara Hindi

Neno chatini, ambalo sisi watu wa pwani tumelizoea hata tukalidhani letu, asili yake ni kitenzi cha Kihindi chenye maana ya kulamba. Na mwenye kuionja chatini ya kitunguu thomu kama itengenezwavyo Maharashtra, magharibi ya Bara Hindi, hukifahamu mara moja kisa cha jina hilo, kwani kijiko kikishapita, kidole hufuata.

Mpishi wa huko hukaanga kwanza mbata iliyoparwa, kwa moto wa taratibu, mpaka igeuke rangi. Hufuatisha ufuta au njugu nyasa, kisha pilipili nyekundu zilizokauka, na punje za thomu. Huviacha vipoe, akavitia chumvi na ukwaju kidogo, akavitwanga pasipo tone la maji, vikawa chenga nyekundu zenye kung'aa kwa mafuta ya mbata.

Siri yote imo katika kutwanga. Punje nzima ya thomu haina harufu kali. Ni pale inaposetwa, na vitu viwili vilivyotengana ndani yake vikakutana, ndipo inapozaliwa alisini, ambayo ndiyo ukali upandao puani. Na kwa kuwa moto huupunguza ukali huo, wapishi wengi wa Kathiawar, katika Gujarat, huitwanga thomu ikiwa mbichi, pamoja na chumvi na pilipili, ambayo nayo ni mgeni aliyeletwa na Wareno kutoka Amerika katika karne ya 16.

Mjini Mumbai ile chatini kavu ya Maharashtra imepata makao barabarani. Muuzaji hupasua mkate mdogo laini, akaunyunyizia chatini ndani, akaweka katikati donge la viazi lililochovywa katika unga wa dengu na kukaangwa. Nacho ndicho chakula kiitwacho vada pav, ambacho aghalabu hunasibishwa na Ashok Vaidya, aliyekuwa akiuza karibu na stesheni ya Dadar katika miaka ya 1960, na ambacho kiliwashibisha vibarua wa viwanda vya nguo kwa bei nafuu.

Wako wasioigusa thomu kabisa, kama Wajaini, ambao dini yao hukataza kula kilichong'olewa ardhini, kwa kuhurumia viumbe vinavyoangamia humo. Lakini kwa mkulima wa Kathiawar, mkate wa uwele na chatini ya thomu ni chakula kamili cha shambani, wala hadai mchuzi. Nami naona taadhima kubwa katika maarifa ya watu ambao, kwa kinu, chumvi na punje chache, waliufanya mkate mkavu utamanike.