Mbolea ya mpirani: Jua kipimo kwanza, fedha baadaye

UKIPITA kandokando ya barabara kubwa za Dar es Salaam asubuhi au jioni utawaona vijana wakimwagilia miche ya maua: waridi, bugenvilia, mitende ya mapambo, na okidi chache zilizotundikwa kivulini. Wengi bado wanatumia keni. Wenye mtaji kidogo wamehamia kwenye mpira wa maji, na baadhi wamenunua kifaa cha kunyonya mbolea kinachofungwa kati ya bomba na mpira.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Mara nyingi ni kipande cha shaba chenye tundu jembamba ndani. Maji yakipita hapo kwa kasi, presha hushuka, na mrija mdogo uliotumbukizwa katika ndoo huvuta mbolea iliyoyeyushwa ikachanganyika na maji. Kazi ya kumwagilia na ya kulisha mimea inakuwa moja.

Je, inalipa? Kwa hesabu zangu inalipa kwenye kibarua, wala si kwenye mbolea. Chukua kitalu chenye vyungu 1,360, kila kimoja kikipewa robo lita. Hizo ni lita 340, yaani safari 34 za keni ya lita 10. Mpira unafuta safari hizo zote. Lakini mpira haubagui: unamwaga pia kwenye nafasi kati ya chungu na chungu, na mbolea inayoanguka hapo umeinunua. Anayetaka kutumia mpira asogeze vyungu vikaribiane. Mwenye vyungu mia moja au mia mbili abaki na keni yake. Hana sababu ya kununua kifaa.

Palipo na hasara kubwa ni kwenye kipimo. Vifaa vingi vya aina hii huvuta sehemu 1 ya mbolea kwa sehemu 16 za maji. Maana yake ndoo ya lita 20 itatoa kama lita 340 mpirani. Ukitaka kila lita inayofika kwenye mmea iwe na gramu 1 ya mbolea ya NPK 20-20-20, ndoo hiyo inahitaji gramu 340.

Nilipokuwa nikisaidia kitalu cha jamaa yangu hatukulijua hilo. Tulisoma mfukoni "gramu 1 kwa lita 1", tukatia gramu 20 kwenye ndoo ya lita 20, tukafungua maji. Majani yakaendelea kuwa ya njano wiki baada ya wiki, wateja wakapita. Tukalaumu mbolea kuwa ni feki, tukahama duka. Kumbe mimea ilikuwa ikipata sehemu 1 kati ya 17 ya chakula chake. Tulipokuja kurekebisha, kijana wa zamu akachota kwa kopo kwenye ndoo ileile na kumwagia miche ya waridi moja kwa moja. Gramu 17 kwa lita! Kingo za majani ziliungua. Tangu hapo ndoo yetu imeandikwa kwa rangi nyekundu: "SI YA KOPO".

Usiamini namba ya kwenye boksi kabla ya kuipima. Tumbukiza mrija kwenye lita 1 ya maji matupu, fungua bomba, na kinga maji yote yanayotoka mpirani hadi lita hiyo iishe. Ukipata lita 17, kifaa kinavuta inavyotakiwa. Ukipata 25, mbolea yako inafika nyepesi. Mpira mrefu, au kichwa cha kunyunyizia chenye matundu madogo, hupunguza uvutaji.

Wanaotegemea tangi la juu wasikimbilie kununua. Tangi lililo mita 3 kutoka chini hutoa presha ya kama baa 0.3 tu, wakati vifaa vingi vya kunyonya huhitaji baa 2 au zaidi. Kwao njia nafuu ni pipa: changanya gramu 200 katika lita 200, liweke pipa juu ya matofali, na maji yateremke yenyewe mpirani. Hakuna cha kunyonya, wala hakuna uwiano wa kukosea.

Mbolea nayo iwe ya kuyeyuka kabisa. CAN ya kukuzia mahindi ina chokaa isiyoyeyuka, itaziba mrija. Maji ya samadi ya kuku yachujwe kwa kitambaa, na hata hivyo mimi ningeyapeleka kwa keni.

Okidi zinataka mkono mwepesi zaidi. Nyingi kati ya zinazouzwa kwenye vyungu ni za jamii inayoishi juu ya miti, mizizi ikiwa hewani, hivyo hazikuzoea chakula kingi. Nusu ya kipimo inatosha, yaani gramu 170 kwenye ndoo ile ya lita 20. Naitrojeni iwe ya naitreti kwa sehemu kubwa, kwa kuwa yurea hutegemea vijidudu vya udongoni kuivunja. Mara moja kwa mwezi mwagilia maji matupu mengi yaoshe chumvi. Ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu ni dalili kwamba umechelewa.

Jambo la mwisho linahusu nyumba nzima. Maji yakikatika ghafla, bomba linaweza kuvuta kinyume na kuingiza mbolea kwenye maji ya kunywa. Naitreti ikizidi ni hatari hasa kwa watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa kwa maji hayo. Mwambie fundi afunge valvu ya kuzuia maji yasirudi kati ya bomba na kifaa, na ukimaliza kazi utoe mrija ndooni kabla ya kufunga maji.