Somo la Redio: Askari wa Miguu na Mzigo Wake

Wasikilizaji wetu wa Mafia, fungueni madaftari. Leo tutajifunza jinsi askari wa miguu wanavyotayarishwa kwa vita vidogo vidogo. Katika vita hivyo majeshi makubwa hayakutani uwanjani. Adui hupiga, kisha hutoweka.

Mfano hauko mbali. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika mikoko ya Rufiji, ng'ambo ya kisiwa chenu. Januari 1915 Waingereza waliteka Mafia, wakatengeneza kiwanja cha ndege. Ndege zikasaidia kuelekeza mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 manowari ile ikaangamia. Lakini vita havikwisha. Wajerumani waliing'oa mizinga yake, wakaikokota nchi kavu, wakapigana bara mpaka Novemba 1918.

Waliwezaje? Jeshi lao liligawanywa katika kombania ndogo. Vita vilipoanza zilikuwa 14. Kila moja ilikuwa na askari Waafrika 160 au zaidi, bombomu zake na wapagazi wake. Basi andikeni: kwanza, kikosi kidogo kijitegemee. Pili, kiijue nchi, yaani njia, maji na misitu. Tatu, kiende chepesi.

Sasa sikilizeni vizuri. Askari akienda mwepesi, mzigo haukupotea. Umebebwa na mwingine. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa maelfu mengi, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Chakula cha vijiji kilichukuliwa. Kwa hiyo jambo la nne ndilo kubwa: chakula, dawa na adabu kwa raia vitayarishwe kabla ya safari. Mtu aliyenyang'anywa muhogo wake hatamwonyesha askari njia aliyopita adui.

Hata siku hizi ni hivyo. Mwaka 2013 askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi walikwenda Kongo mashariki chini ya Umoja wa Mataifa, wakasaidia kulishinda kundi la M23. Mwishoni mwa 2021 kundi hilo lilianza vita tena. Bunduki humfukuza adui. Haiondoi ugomvi uliomleta.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini Waingereza walikitaka kisiwa cha Mafia?
2. Nani alibeba mzigo wa askari?
3. Waulizeni wazee wenu: wamesikia nini juu ya vita vile? Andikeni sentensi tatu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.