Maharagwe ya Mkebe

Kila mpishi ajua kwamba maharagwe makavu hutaka kulowekwa usiku kucha, kisha kuchemshwa kwa muda wa saa moja au mbili, na kuni huliwa nyingi. Maharagwe ya mkebe hayataki kazi hiyo, kwa kuwa yamekwisha pikwa yakaiva ndani ya mkebe wenyewe, pamoja na mchuzi wa nyanya. Mtu arudiye kazini jioni, naye ana mafuta ya taa kidogo tu, aweza kupata chakula kwa dakika chache.

Kosa la wapishi wengi ni kuyachemsha mno hata yakapondeka. Yapashwe moto polepole, huku yakikorogwa yasishike chini ya sufuria.

Mchuzi wake una sukari, na wengine hawaupendi kwa ugali. Dawa yake ni nyepesi: kaanga kitunguu, tia bizari na pilipili, ndipo umimine maharagwe. Chumvi usiongeze kabla ya kuonja, maana imo tayari. Ukipenda, vunja mayai mawili juu yake, ufunike sufuria mpaka yagande, ule kwa mkate au chapati. Sukuma wiki iliyokatwa nyembamba nayo hufaa sana.

Lakini mkebe uliovimba usifunguliwe wala usionjwe, hata njaa ikiwa kali. Waweza kuwa na sumu isiyo na harufu wala ladha, nayo huua. Mabaki yatiwe katika bakuli lenye kifuniko, yakae mahali pa baridi, wala yasilale jikoni penye joto.