Mgagani: Tuutambue, Tuupande, Tuule

Familia za Kinole, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, zimejaliwa ndizi, machungwa na viungo. Lakini kushiba si sawa na kulishwa vizuri. Mtoto aliyeshiba ndizi na mama mjamzito aliyeshiba ugali wanaweza bado kupungukiwa damu. Mwezi huu tunazungumzia mboga ambayo wengi huing'oa kama gugu: mgagani, ambao wengine huuita mwangani.

Faida zake

Majani ya mgagani yana madini ya chuma yanayosaidia kujenga damu, chokaa ya kuimarisha mifupa, na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho.

Jinsi ya kuutambua

Mgagani husimama wima, na unaweza kufika kiunoni au zaidi. Shina lina vinyweleo vinavyonata. Huwa la kijani au la zambarau. Jani moja hugawanyika mara tatu hadi saba, mara nyingi tano, kama vidole vya mkono. Maua ni meupe, yenye nyuzi ndefu za zambarau zilizochomoza. Baadaye hutoa maganda membamba kama ya choroko. Ukiyafikicha majani, yana harufu kali.

Tahadhari! Jirani yake kwenye jalala na kando ya zizi ni mnanaha, ambao ni sumu. Majani ya mnanaha ni mapana, hayakugawanyika kama vidole, na kingo zake zina meno meno. Ua lake ni kama tarumbeta, na tunda lina miiba. Huko Karamoja, Uganda, mwaka 2019, mbegu zake zilichanganyika na unga wa msaada: karibu watu 300 waliugua na 5 walikufa. Mtu akila mboga akakauka mdomo, mboni za macho zikapanuka na akaanza kuweweseka, mpelekeni hospitali mara moja, na mchukue mmea alioula. Usichume usichokifahamu, ni salama zaidi kuupanda nyumbani.

Jinsi ya kuupanda

Mgagani hupenda jua na samadi, wala haupendi maji yaliyotuama. Kwa hiyo usiupande chini ya migomba. Chagua mahali peupe, inua tuta, na likatishe mteremko ili mvua isibebe udongo. Mvua kubwa za masika zikianza kupungua, panda.

Mbegu zilizochumwa karibuni huchelewa kuota. Zihifadhi pakavu miezi kadhaa kwanza. Changanya mbegu na mchanga, mwaga katika mistari yenye nafasi ya sentimita 30, funika kwa udongo kidogo. Panda moja kwa moja bustanini, kwani miche yake haivumilii kuhamishwa. Ikishaota, punguza iliyosongamana. Hiyo ya kupunguza ndiyo mboga ya kwanza. Baada ya wiki nne hadi sita anza kuchuma. Kata ncha na maua machanga ili mmea utoe matawi. Acha miche michache ikomae kwa ajili ya mbegu.

Jinsi ya kuupika

Wengi huukimbia kwa uchungu wake. Changanya na mchicha, kisha unga kwa karanga au nazi. Mafuta hayo pia husaidia mwili kupata vitamini A. Usiuchemshe kwa muda mrefu. Baada ya chakula kula chungwa, kwa kuwa vitamini C husaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Chai huyazuia, isubiri kama saa moja.

Mboga haichukui nafasi ya dawa. Malaria na minyoo pia hupunguza damu. Mama mjamzito aendelee na kliniki na kumeza vidonge vya kuongeza damu.

Tunazishauri jumuiya ndogo ndogo na akina mama wa WAWATA waanze na tuta moja, kisha wagawiane mbegu. Mungu ametupa mboga hii mlangoni, tusiitupe jalalani.